Skramu Imegoma: Kutafuta Hitilafu Pale Kampuni Inaposhindwa na Mifumo Myepesi ya Ajaili

Ajaili ni kutengeneza programu kwa vipande vidogo huku mteja akivitazama, na Skramu ni mojawapo ya njia zake. Mwongozo wake rasmi, toleo la Novemba 2020 la waanzilishi wake Ken Schwaber na Jeff Sutherland, haufiki kurasa 15. Mtu anaumaliza ndani ya daladala kati ya Mbezi na Posta, na foleni ikiwa nzito anaurudia. Kanbani, njia nyingine ya ajaili, ni nyepesi zaidi: onyesha kazi ubaoni, weka kikomo cha kazi zilizo mkononi, tazama zinavyopita. Ndiyo maana wakubwa wengi wakiambiwa timu inahamia huko, wanakubali kikao hichohicho. Miezi sita baadaye bodi imejaa rangi, vikao vimezidi vya zamani, na mteja bado anangoja kipengele alichoomba mwaka jana.

Wepesi huo uko kwenye maandishi tu. Mwongozo hausemi nani atie saini kabla programu haijawekwa hewani, nani afungue njia ya mtandao kwenda seva ya benki, wala kampuni ya nje ilipwe kwa kipimo gani. Hayo yameachiwa kampuni yenyewe, na humo ndimo hitilafu nyingi zinamojificha. Anayetafuta ubovu asianze na vikao. Aanze kwa kutafuta mahali kazi inapolala.

## Pima kabla hujafungua boneti

Chukua tiketi 20 za mwisho zilizomalizika; tiketi ni kazi moja iliyoombwa na kuandikwa. Usichague nzuri, chukua jinsi zilivyofuatana. Kwa kila moja andika tarehe tano: siku iliyoombwa, siku mtu alipoanza kuifanyia kazi, siku msimbo (maandishi ya programu) ulipokamilika, siku ilipopimwa na kukubaliwa, na siku ilipomfikia mtumiaji. Tarehe nyingine hutazikuta kwenye mfumo wa tiketi. Zitafute kwenye barua pepe na kwenye kundi la WhatsApp, maana maombi mengi yalianzia huko.

Tuseme ni programu ya SACCOS, na kilichoombwa ni mwanachama aone salio la mkopo kwenye simu. Iliombwa Machi 3, ikaanza Machi 17, msimbo ukakamilika Machi 20, ikakubaliwa Aprili 2, ikawekwa hewani Aprili 24. Jumla ni siku 52. Siku 14 ilikuwa inasubiri kuanza, siku 3 ilikuwa mikononi mwa divelopa, yaani mwandishi wa programu, siku 13 ilisubiri kupimwa, na siku 22 ilisubiri ruhusa na toleo. Hata ukileta madivelopa wenye kasi mara mbili, umeokoa siku moja na nusu kati ya 52. Kampuni nyingi hutumia fedha zao zote za mafunzo kwenye siku hizo tatu.

Sasa linganisha mapengo manne. Pengo la kwanza likiwa kubwa kuliko mengine, tatizo liko kwenye mamlaka ya kuamua. La pili likiwa kubwa, tiketi ni kubwa mno au watu wamebeba kazi nyingi kwa wakati mmoja. La tatu linaonyesha upimaji na mazingira ya majaribio. La nne ni saini, ratiba ya matoleo na hofu ya kuharibu. Soma dalili zifuatazo ukiwa na namba zako pembeni, na anza na inayogusa pengo lako kubwa. Ukijaribu kutengeneza zote kwa pamoja hutajua ipi imesaidia.

## Dalili: kikao cha asubuhi kinakula dakika 45

Mwongozo unakipa dakika 15, na ni kikao cha madivelopa wenyewe. Kikirefuka, mara nyingi kimegeuka kuwa taarifa kwa bosi. Hakikisha kwa macho: anayezungumza anamtazama nani? Kama kila mmoja anamwelekea meneja na wengine wanatazama simu, umepata jibu.

Kwetu kuna tatizo jingine ambalo vitabu vya Wamarekani havilishughulikii vya kutosha. Mkubwa akiwepo, kijana aliyeanza kazi mwezi uliopita hatasema mbele yake, "Nimekwama tangu juzi." Atasema, "Naendelea vizuri." Hiyo "naendelea vizuri" ikisikika siku tatu mfululizo kuhusu tiketi ileile, tiketi hiyo imekwama. Kumhimiza kijana awe muwazi hakusaidii sana, kwa sababu unamtaka avunje adabu aliyolelewa nayo. Badilisha swali. Maswali matatu ya zamani, yaani jana ulifanya nini, leo utafanya nini, umekwama wapi, yameshaondolewa kwenye toleo la 2020, kwa hiyo hakuna anayekulazimisha kuyauliza. Simameni mbele ya bodi, anzeni na tiketi iliyo kulia kabisa, karibu na kumalizika, mrudi kushoto. Kwa kila tiketi ulizeni, "Hii inasubiri nini?" Anayejibu anaizungumzia tiketi, hajitetei yeye. Utashangaa mambo yanavyotoka.

Meneja akitaka kuhudhuria, na ahudhurie, ila asimame nyuma na asiongoze. Jambo linalozidi dakika mbili linaandikwa pembeni, na wawili wanaohusika wanabaki baada ya kikao. Kama watu ni zaidi ya kumi, tatizo ni ukubwa wa timu. Igaweni.

## Dalili: kila kitu kimeanza, hakuna kilichoisha

John Little alithibitisha kanuni hii mwaka 1961, na inafanya kazi kwenye foleni ya benki sawasawa na kwenye bodi ya tiketi: wastani wa muda ambao kazi inakaa ndani ya mfumo ni idadi ya kazi zilizomo, gawanya kwa kasi ya kumaliza. Timu yenye tiketi 24 zilizoanzwa, inayomaliza 4 kwa wiki, itakaa na kila tiketi wiki 6 kwa wastani. Zikishushwa hadi 8 na kasi ikabaki ileile, ni wiki 2. Hakuna aliyeongezwa mshahara wala aliyekesha.

Hesabu ni rahisi, kuitekeleza ndiyo shughuli. Kikomo kinavunjwa kwa sababu tatu. Ya kwanza, mtu mmoja amegawiwa timu tatu kwenye karatasi ya bajeti, asilimia 40 hapa, 40 pale, 20 kule, na kila timu inamtaka asubuhi. Ya pili, wakuu wanaona vibaya mtu akikaa bila tiketi yake mwenyewe, basi divelopa anayesubiri majibu ya benki anaanza nyingine ili aonekane yuko kazini. Ya tatu ni dharura, na tutairudia.

Weka hivi kwa timu ya watu watano: safu ya "Inafanyiwa kazi" iwe na kikomo cha 4, na "Inapimwa" iwe na 2. Kikomo cha safu ya kwanza kiwe kidogo kuliko idadi ya watu, ili wote watano wasiweze kuanza kila mmoja tiketi yake. Safu ya kupima ikijaa, anayemaliza msimbo haruhusiwi kuvuta tiketi mpya. Anakwenda kusaidia kupima. Wiki ya kwanza kutakuwa na manung'uniko, hasa kutoka kwa madivelopa wazoefu wanaodhani kupima ni kazi ya vijana. Acheni kikomo kikae wiki nne kabla ya kukigusa. Kisha kipunguzeni kwa moja, mtazame.

Kwa dharura, chora mstari wake juu ya bodi, wenye nafasi moja tu. Ya pili ikija, anayeileta aamue na mwenye ya kwanza ipi itangulie, si timu iamue. Kila dharura andika jina la aliyeileta na chanzo chake. Baada ya mwezi hesabu. Mara nyingi utakuta dharura nyingi zinatoka sehemu moja: ripoti fulani inayoharibika kila mwisho wa mwezi, au ofisa mmoja aliyejifunza kwamba neno "haraka" linafungua milango yote.

## Dalili: mwenye bidhaa anakwenda "kuuliza juu"

Hii ndiyo hitilafu inayoua mageuzi mengi kuliko nyingine yoyote, na ndiyo isiyozungumzwa, kwa kuwa inawagusa wenye viti.

Kampuni inahitaji mwenye bidhaa, yaani mtu anayepanga kipi kitangulie na kipi kiachwe. Inamchukua mchambuzi wa mifumo, inambadilishia cheo kwenye sahihi ya barua pepe, na inaacha maamuzi yote kwenye kamati ileile inayokutana mara moja kwa mwezi. Divelopa anauliza Jumatatu: mwanachama akikosea namba ya siri mara tatu, tumfungie kwa saa moja au mpaka aje ofisini? Mwenye bidhaa anajibu, "Ngoja niulize." Jibu linakuja baada ya siku tisa. Sprinti ya wiki mbili, yaani kipindi kifupi ambacho timu iliahidi kumaliza kazi fulani, imekwisha. Anayelaumiwa ni Skramu.

Mpime mwenye bidhaa wako kwa maswali matatu. Anaweza kuondoa kipengele bila kuomba ruhusa? Anaweza kumwambia mkuu wa idara "hapana, si robo hii" na jibu hilo likasimama? Anaweza kujibu swali la timu siku hiyohiyo? Akifeli mawili, huna mwenye bidhaa. Una tarishi.

Usianze kwa kuomba "awezeshwe", neno hilo halishiki popote. Tengeneza karatasi moja ya mipaka ya maamuzi. Upande wa kwanza: mambo anayoamua peke yake, mfano mpangilio wa skrini, maneno ya ujumbe mfupi, kipaumbele cha kazi zisizozidi siku 10 za mtu mmoja, kuahirisha au kufuta kipengele ambacho hakijaanza. Upande wa pili: mambo yanayokwenda kwa mkuu wa idara, na jibu linatakiwa ndani ya siku 2 za kazi, mfano mabadiliko ya hatua za kuidhinisha mkopo. Upande wa tatu: tozo, riba, taarifa binafsi za wateja, chochote kinachogusa sheria au msimamizi wa sekta. Hayo yaende kwenye kamati bila ubishi. Kisha mkurugenzi aisaini. Bila saini yake karatasi hiyo itapangusiwa kahawa wiki ya pili.

Ili kuipata saini, peleka namba. Rudi kwenye tiketi zako 20, hesabu siku zilizopotea zikisubiri majibu, na onyesha ni maswali mangapi kati ya hayo yangeangukia upande wa kwanza wa karatasi. Mkurugenzi anayekataa hotuba kuhusu ajaili husikiliza akiambiwa kwamba swali la rangi ya kitufe lilichukua siku nane.

Kwenye kampuni za familia mambo ni tofauti kidogo. Hakuna kamati, kuna mzee mwenye mali, na anaamua haraka sana, kupita kiasi. Saa nne usiku anatuma ujumbe wa sauti WhatsApp, asubuhi timu inaacha ilichokuwa inafanya. Kumkatalia haiwezekani na si lazima. Kila ujumbe wake uandikwe kuwa tiketi, kisha mtu mmoja anayeheshimika naye ampigie: "Mzee, tumelipokea. Likiingia wiki hii, kati ya haya mawili yaliyopo, lipi tulitoe?" Swali hilo liulizwe kila mara, kwa sauti ileile. Ni yeye anachagua. Mara nyingi atasema, "Basi subirini Jumatatu."

## Dalili: sprinti inaisha, mtumiaji haoni kitu

"Imekwisha, bado kupimwa tu." Hiyo sentensi ikisikika kwenye kikao cha kuonyesha kazi, chimba hapa, kwa sababu ndipo pengo la tatu na la nne yanapozaliwa.

Kampuni ilichukua vikao vya Skramu ikaacha uhandisi. Skramu haina neno lolote kuhusu namna ya kuandika au kupima programu. Upande huo ulifanyiwa kazi zaidi na akina Kent Beck katikati ya miaka ya 1990, kwenye mradi wa mishahara wa Chrysler: majaribio ya kiotomatiki, kuunganisha msimbo kila siku, matoleo madogomadogo. Ukichukua sprinti ya wiki mbili ukaiweka juu ya kazi inayopimwa kwa mkono kwa wiki tatu, hesabu haifungi. Hakuna kikao kitakachoifunga.

Anzeni na toleo tupu. Wiki ya kwanza, badilisheni neno moja kwenye ukurasa wa "Kuhusu sisi", kisha mlipitishe neno hilo njia yote hadi kwa mtumiaji, kama vile ni kipengele kikubwa. Andikeni kila kituo: nani alisaini, nani alinakili faili, amri zipi zilichapwa kwa mkono, mlisubiri saa ngapi. Zoezi hili linachosha na linafedhehesha kidogo. Litawaonyesha, kwa mfano, kwamba ni mtu mmoja tu anayejua nywila ya seva, na yuko likizo.

Baada ya hapo, fuateni mpangilio huu.

1. Amri zote za kuweka toleo ziandikwe kwenye hati moja inayoendeshwa kwa amri moja, na ihifadhiwe pamoja na msimbo. Lengo la kwanza liwe toleo la chini ya dakika 30, lililofanywa na mtu asiye yule "mtaalamu wa matoleo".

2. Fanyeni mazoezi ya kurudi nyuma. Wekeni toleo jipya kwenye seva ya majaribio, lirudisheni la zamani, pimeni muda. Kama jedwali la hifadhidata limebadilika na haliwezi kurudi, mabadiliko ya jedwali yatangulie toleo moja kabla, kwa namna ambayo programu ya zamani bado inafanya kazi juu yake.

3. Vipengele visivyokamilika vifichwe nyuma ya swichi iliyozimwa. Hapo msimbo unaweza kuungana na kwenda hewani kila siku, na mkuu wa idara anawasha siku anayotaka yeye.

4. Majaribio ya kiotomatiki yaanzie njia za pesa. Msijitwike lengo la asilimia 80 ya msimbo wote. Watu watapima vitu vyepesi ili namba ipande. Andikeni kwanza manane au kumi, yakiwemo haya: kuweka, kutoa, kulipa mkopo, salio lisilotosha, jibu la malipo ya simu lililofika mara mbili, jibu lisilofika kabisa, jibu lililofika baada ya mteja kukata tamaa na kulipa tena. Hayo matatu ya mwisho ndiyo yanayoleta kelele dirishani. Dawa ya jibu lililofika mara mbili ni kuhifadhi namba ya muamala kama kitu kisichorudiwa kwenye hifadhidata, ili jibu la pili likija lisiandike malipo mara mbili.

Kuna kizuizi cha nje ambacho timu hukisahau hadi mwisho. Mazingira ya majaribio ya mitandao ya malipo, kama Daraja ya M-PESA kule Kenya, unayapata mapema. Kuruhusiwa kwenda hewani ni mchakato mwingine, wenye nyaraka zake na watu wake, na hauendi kwa kasi ya sprinti yako. Iwe tiketi ya sprinti ya kwanza, ikae kwenye bodi na tarehe yake, hata kama programu yenyewe bado ni mchoro.

Ndani ya benki na taasisi za fedha, pengo la nne kwa kawaida lina jina: kamati ya mabadiliko. Inakutana mara moja kwa wiki, na benki nyingi hufunga mabadiliko wakati wa kufunga hesabu. Usiitangazie vita, ilianzishwa kwa sababu nzuri, na mkaguzi wa ndani yuko upande wake. Omba kundi la mabadiliko yaliyoidhinishwa kabla. Utaratibu huo upo tayari kwenye ITIL, miongozo ya kusimamia huduma za TEHAMA, ambayo benki nyingi hudai kuifuata: mabadiliko yenye hatari ndogo, yanayofanana, yaliyokwisha kufanyika salama, hayahitaji kujadiliwa upya kila mara. Peleka orodha fupi, mfano maneno ya skrini na ripoti za kusoma tu, pamoja na kumbukumbu za matoleo 10 yaliyokwenda vizuri na muda wa kurudi nyuma uliopimwa. Ukikubaliwa hayo, baada ya miezi mitatu omba mengine.

## Dalili: mkataba unasema vipengele 140 na tarehe moja

Watu 17 waliokutana Snowbird, Utah, mwezi Februari 2001 waliandika, kwenye tamko lililoipa ajaili jina, kwamba ushirikiano na mteja una thamani kuliko kuvutana juu ya mkataba. Walikuwa watu wa programu. Ofisa manunuzi hakuwepo.

Mkandarasi anayelipwa asilimia 30 mwanzoni, 40 baada ya majaribio ya watumiaji na 30 mwishoni hana sababu ya kukuonyesha kitu kila wiki mbili. Na wewe mteja huna sababu ya kufuta kipengele namba 87 hata kama umegundua hakihitajiki, kwani umeshakilipia. Wote wawili mnacheza mchezo uliochorwa na karatasi. Mkataba ukishasainiwa nafasi ya kutengeneza ni finyu, kwa hiyo zungumza na watu wa manunuzi kabla zabuni haijatangazwa. Vifungu vitatu vinatosha kuanzia. Malipo yafungwe kwenye vipande vinavyofanya kazi, si kwenye nyaraka: "mwanachama anajisajili na kuona salio kwenye seva ya hewani" ni kipande, "usanifu umekamilika asilimia 60" si kipande. Kiwepo kifungu cha kubadilishana: kipengele ambacho hakijaanza kinaweza kutolewa na kingine cha ukubwa huohuo kikaingia, kwa barua ya mwenye bidhaa pekee. Na mteja ajibu ndani ya siku 5 za kazi baada ya kuonyeshwa, maana wateja nao hulaza kazi. Vyote vitatu vipitishe kwa mwanasheria wenu kwanza, hasa kama ni fedha za umma, kwani sheria ya manunuzi ina mipaka yake.

## Dalili: pointi zinapanda, malalamiko nayo yanapanda

Meneja alilinganisha timu mbili kwa pointi, yaani namba ambazo timu hujipangia yenyewe kukadiria ukubwa wa kazi. Tangu siku hiyo kilichokuwa 3 kikaitwa 5. Acheni kupeleka pointi juu, pelekeni siku tangu kuombwa hadi kumfikia mtumiaji, na orodha ya vilivyowekwa hewani. Pointi zibaki chumbani kwa timu, au zifutwe kabisa na kuhesabu tiketi tu. Tiketi zikiwa zinakaribiana ukubwa, hesabu hiyo inatosha.

## Dalili: kikao cha kujitathmini kimekuwa funika kombe

Kila mmoja anasema sprinti ilikwenda vizuri, tujitahidi mawasiliano. Angalia kwanza nani anaongoza. Kama skramu masta, anayesimamia Skramu kwenye timu, ndiye anayejaza fomu za tathmini za mwaka, watu watafunika kombe mwanaharamu apite, na wako sahihi kufanya hivyo. Kitafutieni kikao mwongozaji mwingine, hata kutoka timu jirani. Watu waandike vikaratasi kimya kwa dakika 7 kabla yeyote hajafungua mdomo, na aliye mdogo kicheo asome chake kwanza.

Hitilafu ya pili ni kutoka na mambo 12 ya kurekebisha. Chagueni moja. Liwe tiketi kwenye sprinti inayofuata, lina mwenyewe, linahesabiwa kwenye kikomo. Lisipofanyika sprinti mbili mfululizo, limegusa mtu aliye nje ya timu: nendeni kwake.

## Dalili: mpango wa sprinti unavunjika kila Jumatano

Inawezekana mmechagua chombo kisicho chenu. Timu ya usaidizi kwenye kitengo cha TEHAMA, inayopokea simu za matawi kutwa nzima, haiwezi kuahidi ya wiki mbili. Kipimo tunachokitumia: hesabu tiketi zilizoingia baada ya sprinti kuanza, kwa sprinti nne. Zikizidi theluthi ya zote mara kwa mara, acheni sprinti, tumieni Kanbani. Bakini na kikao cha kujitathmini kila wiki mbili. Hakuna aibu yoyote hapo, ingawa aliyelipia vyeti vya Skramu kwa watu 30 hatafurahi kusikia.

## Dalili: kipengele kimoja kinapita timu tatu

Kuna timu ya programu ya simu, timu ya huduma za nyuma, timu ya hifadhidata. Kila moja ina sprinti yake na bodi yake safi. Salio la mkopo linahitaji zote tatu, na kila mpaka ni foleni mpya: sprinti tatu kwa kazi ya siku tano. Melvin Conway aliandika mwaka 1968 kwamba mifumo hufanana na njia za mawasiliano za taasisi iliyoitengeneza, na hapa unaiona kauli hiyo ikitembea kwa miguu.

Kampuni ikifika hapa hushawishika kununua mfumo mkubwa zaidi. SAFe, mfumo wa ajaili kwa kampuni zenye timu nyingi, ilitoka mwaka 2011, yenye ngazi na vyeo vyake. Mwaka uliofuata likaja andiko la Henrik Kniberg na Anders Ivarsson kuhusu Spotify, na idara nyingi duniani zikabadilishwa majina zikawa vikosi na makabila huku mabosi na bajeti vikibaki palepale. Kabla ya hatua hiyo, jaribuni dogo: toeni mtu mmoja kila timu, waketi meza moja kwa wiki sita, wapeni kipengele kimoja cha mtumiaji kutoka mwanzo hadi hewani. Wakuu wao wa zamani wasiwaite vikao vingine muda huo. Hilo la mwisho ndilo gumu, liandikwe.

## Kupima tena

Baada ya wiki sita chukua tiketi 20 nyingine, tarehe tano zilezile. Usitumie wastani wa kawaida, tiketi moja iliyolala mwaka mzima itaupotosha. Zipange kuanzia fupi hadi ndefu, uchukue ya 10 na ya 11, katikati yake ndiyo namba yako. Kama pengo ulilolishughulikia halijapungua, karatasi ya mipaka haifuatwi au kikomo kinavunjwa kimyakimya. Tazama bodi ya jana jioni, hesabu. Kama limepungua na jumla haijabadilika, kazi imehamia kulala kwenye pengo la mbele yake. Hiyo ni kawaida. Tiketi moja ile ndefu kuliko zote nayo usiitupe: kaa na watu walioigusa, mpitie tarehe zake moja baada ya nyingine, na kila siku iliyopita bila kitu kufanyika iandikiwe jina la kilichokuwa kinasubiriwa.